Kuanza Siku kwa Imani, Shukrani na Kicheko: Mwongozo wa Asubuhi kwa Nyumba Yenye Watu

Jogoo wa jirani yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, hana saa. Huwika saa nane usiku, akarudia saa tisa, na ikifika saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao angekuwa na faida, kanyamaza. Kwa hiyo nyumba yetu huamshwa na adhana ya msikiti wa mtaa wa pili, na baada ya adhana huamshwa na mama mkwe wangu, aliyetoka Mvumi kuja kutibiwa magoti akabaki moja kwa moja. Mama huamka akiimba, na haimbi kwa kificho.

Kabla hajaja, asubuhi ya kwetu ilikuwa ya kutafutana: soksi moja, chaja ya simu, daftari la hesabu lililolala chini ya kochi. Sala ilikuwepo, ila ile ya kusemea mlangoni mkono ukiwa kwenye kitasa. Tuliyo nayo sasa si ya watakatifu, lakini inasimama, na akina mama wenzangu kanisani wameshaniuliza zaidi ya mara moja tunaifanyaje. Nimeandika hapa yote, pamoja na palipotushinda.

Kwa jumla ni dakika 25. Mwenye watoto wadogo sana atumie 15. Aliyepanga chumba kimoja peke yake, hata 10 zinamtosha. Cha kushika ni utaratibu: shukrani, Neno, ombi, kicheko, halafu ndipo simu. Nimeshaupindua mara nyingi na najua unavyoharibika. Ukitanguliza maombi kabla ya shukrani, unakuwa kama mtu aliyetumwa dukani na karatasi. Ukitanguliza simu, hata hiyo karatasi huisomi.

Hatua ya kwanza: iandae jana yake

Hapa hakuna upako wowote, ni kazi tu. Maji yawe yameshajazwa, maana mtaani kwetu yanakuja kwa mgao, na hakuna ibada inayotulia wakati mtu mmoja yuko nje anagombana na bomba. Sare zipigwe pasi jioni, kwa sababu umeme nao una mambo yake. Unga wa uji uwe kwenye kopo lake. Kwetu ni wa uwele au wa mtama, na karanga ziwe zimeshatwangwa. Biblia ikae mezani ikiwa imefunguliwa pale patakaposomwa, tochi pembeni. Na mjue kabisa nani atasoma, ili asubuhi pasiwe na lile neno la "si zamu yangu".

Simu zote zilale sebuleni kwenye chaji. Biblia nayo iwe ya karatasi, na hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa nasoma ya kwenye simu. Siku moja nimekusanya watoto, nimeanza Zaburi ya 23 kwa sauti ya mamlaka, "BWANA ndiye mchungaji wangu", na kabla sijafika kwenye kutopungukiwa na kitu, ukashuka ujumbe juu ya kioo: ndugu mteja, mkopo wako umepita muda wa malipo. Wa kwanza wangu anajua kusoma haraka. Ibada iliishia hapo.

Saa ya kuamka tumeiweka 11:30 alfajiri. Dodoma jua halichomozi kabla ya saa 12 mwezi wowote wa mwaka, na Juni na Julai linachelewa zaidi huku baridi ikikung'ang'aniza kitandani, kwa hiyo kubali kwamba utaamka gizani na uache kungoja mwanga ukushawishi. Saa ya mlio iwe mbali na kitanda, mahali pa kusimama kuifuata. Binti yangu ni bingwa wa "dakika tano tu, mama". Nilimwambia mji wake huu uliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na Serikali ikaja kuhamia kwa kishindo mwaka 2016: hizo ni dakika tano tu za miaka 43. Alicheka, akavuta blanketi. Tangu siku hiyo saa inakaa juu ya kabati.

Hatua ya pili: shukrani tatu zenye jina, kabla ya kuweka mguu chini

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, nami nataka tukae.

Shukrani ya jumla haikai moyoni. "Asante Mungu kwa uzima, afya na familia" ni sentensi nzuri, lakini nimeisema miaka na miaka nikiwa nawaza kitu kingine, kama mtu anayesema "nzuri" kabla hajasikia ameulizwa habari ya nini. Kanuni niliyojiwekea ni hii: kila shukrani iwe na kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole, kilichotokea ndani ya saa 24 zilizopita. Kama kuna mtu ndani yake, mtaje.

Nikikufungulia daftari langu dogo la pembeni ya kitanda, utakuta mambo kama haya. "Maji yametoka saa tisa usiku, nimejaza madumu 4 na pipa." "Kijana wa bodaboda aliyeniambia sketi yangu inakaribia cheni." "Treni. Baba yao amemaliza kazi Dar jana na bado amekula chakula cha usiku hapa." "Mlenda wa mama haukuungua, japo niliusahau jikoni." Hakuna hata moja ya kusimama kutoa ushuhuda. Lakini ukiyaandika wiki mbili, macho yanabadilika mchana. Unapita Sabasaba, muuza nyanya anakuongezea moja juu ya fungu, na moyoni unasema, hii naiandika. Unaanza kutembea kama mtu anayeokota kuni: akishaanza kuzitafuta, anaziona kila mahali.

Jinsi ya kufanya. Ukishtuka, usiinuke. Vuta pumzi, taja la kwanza kwa sauti ndogo, la pili, la tatu. Kila moja limalizie kwa "asante, Bwana", kisha ukae kimya kidogo kabla ya jingine. Halafu ndipo uandike, mistari mitatu tu. Ukiandika kurasa utaacha baada ya siku nne. Najua, niliacha baada ya tatu. Funga kwa mstari mmoja unaoujua kwa moyo. Mimi hutumia wa Maombolezo 3:23, "Ni mpya kila siku asubuhi, Uaminifu wako ni mkuu." Napenda kwamba maneno hayo yametoka kwenye kitabu cha kilio. Aliyeyaandika alikuwa amekaa kwenye vifusi vya Yerusalemu, hakuwa kwenye kongamano.

Mkiwa wawili kitandani, msilazimishane. Mume wangu shukrani zake husema kimoyomoyo, na nimejifunza kutouliza, "Umeshukuru?" kwa sauti ya mkaguzi.

Hatua ya tatu: Neno, tena kidogo

Saa 11:40 tunakutana sebuleni. Mistari mitano hadi kumi inatosha. Kosa la wenye bidii ni kuchukua sura nzima ya Mambo ya Nyakati yenye majina ya ukoo, halafu wanashangaa watoto wamelala.

Kwa anayeanza, kuna njia rahisi: Mithali ina sura 31, na hakuna mwezi unaopita siku 31. Angalia tarehe, fungua sura ya namba hiyo, chukua mistari michache. Hata ukikosa siku tatu hupotei, kalenda inakurudisha. Ukitaka Zaburi, zimo zinazosema asubuhi waziwazi: ya 5, ya 90, ya 92, ya 143. Siku mliyochelewa, Zaburi 117 ina mistari 2 tu. Ile ya 119 ina 176. Usimkabidhi msomaji mgeni siku ya shule.

Kisha swali moja: "Umeona nini?" Usiulize, "Tunajifunza nini?" kwa sababu watoto wote watajibu, "Tunajifunza kuwa wanyenyekevu," hata kama mmesoma habari za ngamia. Nikiuliza wameona nini, wanaleta vitu. Tuliposoma Yohana 15, wa kati, ana miaka 7, alisema ameona mtu ana kitambaa. Kitambaa cha nini? "Si imeandikwa kila tawi lizaalo hulisafisha?" Mimi mwenyewe niliiona hivyo miaka mingi, Bwana akifuta majani vumbi la Dodoma, mpaka nilipokwenda Hombolo kwa shemeji yangu mwenye shamba la zabibu nikamkuta anapogoa. Alikuwa anakata. Matawi mazima yanaanguka chini, mzabibu umebaki kama fimbo, nikamwambia, shemeji umeuua. Akacheka, akasema, "Nisipoukata utanipa majani." Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mara kabla ya matunda panatangulia mkasi. Niliporudi nyumbani nikawasomea tena mistari ileile. Wa kati akauliza kama mzabibu huwa unasema asante. Sikuwa na jibu, nikakoroga uji.

Mwisho wa Neno mama huanzisha pambio la Cigogo. Wagogo wanaimba kwa sauti zinazopishana, mmoja anatangulia, wengine wanaingia chini na juu yake, na hata mtoto asiyejua maneno anapata pa kushika. Moja linatosha. Madirisha yafungwe, maana Mithali 27:14 inasema anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema atahesabiwa amemlaani. Nimewahi kuusoma mstari huo mbele ya mama kwa makusudi. Akasema, huyo aliyeandika hakuwa na jirani mwenye jogoo kama wetu.

Hatua ya nne: maombi, kila mtu sentensi mbili

Sentensi mbili, zaidi ya hapo mtu akaombe chumbani kwake. Moja kwa ajili ya mtu mwingine, moja kwa ajili ya siku yako. Anaanza mdogo, anamaliza mkubwa. Mkubwa akianza, wadogo wanaiga maneno yake na hutasikia kamwe kilichomo mioyoni mwao.

Utasikia mengi. Kitinda mimba wetu ameshaomba hivi: "Asante Mungu kwa mandazi ambayo mama ameficha kabatini, tumeyaona." Siku nyingine: "Asante kwa maji, na asante kwa baba kusahau kufunga bomba, sasa na jirani amepata." Na siku mama alipoomba kwa dakika kumi na mbili, akitaja ukoo wote kuanzia Mvumi hadi Kongwa, huyuhuyu aliongeza na nyingine: "Mungu mbariki bibi, umsaidie aombe kwa ufupi. Amina." Baba yao alijifanya anakohoa. Mama alifumbua jicho moja, akasema, "Huyu mume wangu huyu!" kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na kicheko kikaanza ndani ya sala yenyewe.

Nilitaka kukemea. Nashukuru sikukemea. Mtoto aliyekemewa kwa sababu ya sala yake atajifunza kusali sala za watu wengine. Msahihishe lugha baadaye, mezani, kama kuna haja. Mara nyingi haipo.

Hatua ya tano: kicheko, na mipaka yake

Kuna wapendwa wanaoona kicheko kinapunguza utukufu. Nawaheshimu, ila Biblia yao ni hiihii yangu. Isaka maana yake ni kucheka. Sara alicheka nyuma ya mlango wa hema, akaulizwa, akakana, akaambiwa umecheka, na mtoto alipozaliwa akasema, "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami." Na Mithali 17:22 kila mtu anaijua, moyo uliochangamka ni dawa nzuri. Dawa ina kipimo chake na haipewi kila mgonjwa, na hapo ndipo penye kazi.

Nyumba yetu inachota kicheko sehemu tatu.

Ya kwanza ni wewe mwenyewe. Kila mtu akinywa uji anaweza kusimulia alichokosea jana, kifupi, kisichomwaibisha mwingine. Mimi ndiye naanza, kwa sababu mama wa nyumba akijicheka, wengine hawaogopi. Mfano: nilisimama kituoni nikamsalimia mzee kwa adabu zote, shikamoo, na kumpa pole ya safari, kumbe ni kijana wa ofisi ya jirani aliyejaa vumbi la barabarani. Aliitikia, "Marahaba, mwanangu."

Ya pili ni Biblia yenyewe. Isome kama inavyosimulia. Balaamu, Hesabu 22: punda amemwona malaika mara tatu, nabii hajaona kitu. Punda anafunguliwa kinywa, anaongea, na Balaamu hashangai kwamba punda anaongea. Anaanza kubishana naye. Huku kwetu punda wanabeba maji na magunia kila siku, watoto wanawajua kwa sura, na tangu tuisome hadithi hiyo hawampiti punda bila kumsalimia, huenda akaitikia. Au Eutiko wa Matendo 20: Paulo amehubiri hadi usiku wa manane, kijana kasinzia dirishani, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Mungu akamrudishia uhai. Na Paulo? Akapanda tena juu akaendelea mpaka alfajiri. Mzee mmoja wa kanisa letu husema hiyo ndiyo sehemu ya muujiza asiyoielewa.

Ya tatu ni utani, na Mtanzania wa kanda ya kati hahitaji kufundishwa utani. Bibi na wajukuu wana wao, mashemeji wana wao, makabila yana wao. Ofisini kwetu Mtumba, kwenye mji wa Serikali, tangu watu walipohamia kutoka kila pembe ya nchi, nina mtani wangu Mhehe ambaye hatujawahi kusalimiana kistaarabu. Namuuliza habari za mbwa wa mtaani kwake, ananiuliza kama mlenda umeshanasuka kooni. Hilo linatuchangamsha kuliko chai. Lakini utani una wenyewe. Neno lilelile, likisemwa na asiye mtani, ni tusi.

Sasa mipaka. Paulo katika Waefeso 5:4 anakataza maneno ya upuzi na ya aibu, na anapotaja kiwekwe nini mahali pake anasema, "afadhali kushukuru." Nimeifanya kipimo: mzaha ukiisha, je, naweza kusema asante kwa ajili ya yule niliyemcheka? Nikiona aibu kusema, mzaha ulikuwa mbaya. Kwa hiyo kwetu hakuna kucheka umbo la mtu, umaskini wake, utasa, ulemavu, wala alama za mtoto za shuleni. Dini ya jirani haiguswi; wale wale wa adhana ndio waliotuletea pilau Idi iliyopita. Na Mithali 26 ina maneno makali kwa anayemdanganya mwenzake kisha akasema nilikuwa natania tu, inamfananisha na mwenda wazimu anayetupa mienge ya moto. Hilo ni la kaka wakubwa hasa.

Mpaka mwingine niliujua kwa kuumia. Asubuhi moja, saa 11:50, nilituma kichekesho kwenye kundi la jumuiya yetu. Kilikuwa kizuri, kisicho na ubaya, nikaweka na kile kikatuni cha kulia kwa kucheka. Dakika mbili kimya. Ndipo nikapandisha juu, nikaona kwamba saa saba usiku mwenzetu alikuwa ameandika baba yake amefariki. Kilio changu cha kucheka kilikuwa kimekaa chini kabisa ya taarifa ya msiba, kama jibu. Nilifuta, lakini watu 38 walikuwa wameshaona. Nilikwenda nyumbani kwake asubuhi ileile bila kuoga, nikamshika mkono. Alisema, "Najua hukuona." Mithali 25:20 inasema kumwimbia nyimbo mwenye moyo mzito ni kama kumvua mtu nguo siku ya baridi. Tangu hapo, situmi kitu kwenye kundi kabla sijasoma ujumbe wa usiku wote, wa mwisho hadi wa kwanza.

Hatua ya sita: ndipo simu, na ujumbe wa asubuhi

Sasa chukua simu. Na ukitaka kumtakia mtu asubuhi njema, mtakie yeye. Ile picha ya ua lenye umande na kikombe cha chai isiyo ya kwetu, iliyokwisha kupita makundi 60, hainiambii kwamba umenikumbuka. Inaniambia kidole chako kinafanya kazi.

Mtu mmoja kwa siku, ujumbe mmoja uliouandika mwenyewe. Uwe na salamu inayomstahili, kitu kimoja cha shukrani kinachomhusu, na kama uhusiano unaruhusu, kicheko kidogo mwishoni. Mifano kutoka kwenye simu yangu:

Kwa mama mkubwa: "Shikamoo mama mkubwa. Tumeamka salama kwa rehema za Mungu. Leo nimekumbuka uliponifundisha kusonga ugali ukasema huu wangu ni uji uliokasirika. Nashukuru kwa uvumilivu wako. Ugali wangu bado unakasirika. Siku njema mama."

Kwa kundi la kwaya: "Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Zaburi 92:2. Mazoezi ni leo saa 10:30 jioni. Besi, ya Jumapili tumewasamehe. Leo njooni na wimbo uleule tunaouimba sisi."

Kwa mtani: "Umeamka? Nimekuombea asubuhi hii, jina lako nimelitaja mara mbili ili Mungu asikuchanganye na watu wema."

Kwa mfiwa hakuna kicheko wala mstari mrefu. "Nimeamka na wewe moyoni. Nakuja saa nne na sukari na majani ya chai." Kisha uende kweli.

Kwa mkubwa wako wa kazi, salamu na Mungu akubariki vinatosha. Utani na bosi ni chumvi ya kupimwa kwa kidole.

Hatua ya saba: mlangoni na njiani

Ukitoka, salimia. Kwa Cigogo ni mbukwa kwa mmoja, mbukwenyi wakiwa wengi, hata kama wewe ni mgeni na unaitamka vibaya. Hasa ukiitamka vibaya, wazee hufurahi. Ukiwa kwenye basi la kwenda Mtumba, chagua moja kati ya zile shukrani tatu za alfajiri uitafune tena. Hapa hakuna zaidi la kuandika.

Asubuhi ambazo hazina kicheko

Nilipofiwa na kaka yangu, daftari lilikaa wiki tatu bila neno. Watu walinikumbusha "shukuruni kwa kila jambo", 1 Wathesalonike 5:18, na nilitamani kuwarushia. Baadaye mchungaji alinieleza kwamba Kigiriki cha Paulo husomeka pia "katika kila jambo", na tofauti hiyo ndogo ilinipa pa kukaa. Sikuambiwa nimshukuru Mungu kwa jeneza. Niliambiwa hata nikiwa pembeni ya jeneza, mlango wa kusema naye haujafungwa.

Kama uko huko, ruka hatua ya tano. Soma Zaburi 13, inayoanza na "Ee BWANA, hata lini?", na ukiishia kwenye swali lenyewe, ishia hapo. Usimlazimishe mtoto aliyefiwa acheke ili nyumba ionekane imepona. Ibada iwe fupi, iwe na uji wa moto. Neno la kwanza nililoandika baada ya wiki tatu lilikuwa "Chai". Jirani alikuwa ameileta kwenye chupa, ina tangawizi nyingi kupita kiasi, na nilipoinywa nilikohoa mpaka machozi yakatoka, yeye akidhani nalia. Tulicheka wote wawili kidogo. Sikuliandika hilo siku ile.

Mkishindwa

Mtashindwa. Wiki ya mitihani, usiku wa mgonjwa, Jumatatu yoyote. Usilipe deni, yaani usisome sura za siku nne kwa pamoja kama mtu anayelipa pango. Anza ulipo. Kama dakika zimebaki tano, shukrani moja kila mtu mkinywa uji, basi. Kama zimebaki mbili, mstari mmoja. Ukiona mwezi mzima mmeshindwa, punguza muda badala ya kuongeza bidii. Labda 25 ni nyingi kwa nyumba yako, na hakuna aliyeweka sheria.

Jumatatu iliyopita saa ilianguka kutoka juu ya kabati usiku ikafa. Jogoo kama kawaida yake. Adhana hatukuisikia, mvua ilikuwa inapiga bati. Tumezinduka saa 12:20, kiatu kimoja hakionekani, basi la shule linapiga honi, mimi nina mswaki mdomoni. Mama alikuwa tayari amesimama mlangoni na fimbo yake. Akatushika mikono sote, akainua uso juu, nasi tukajua tumekwisha, ni ukoo wote hadi Kongwa.

Akasema, "Bwana, unaona. Amina."